Eti mafaili yaliyo D hayaguswi? Jibu kwa mwalimu anayetaka kupiga Windows upya

SWALI

Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe. Nina laptopu ya HP niliyoinunua ya mtumba mwaka 2019: Windows 10, RAM ya GB 4, diski ya GB 500. Siku hizi inachukua karibu dakika kumi kuwaka, na mara kwa mara inaniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi wa hapa mjini anataka shilingi 20,000 apige Windows upya. Amenitoa wasiwasi kwamba mafaili yaliyo D hayaguswi. Ndani mna alama za wanafunzi za miaka sita, mitihani niliyotunga, hesabu za kikoba chetu na picha za marehemu baba. Je, nimpe? Au naweza kufanya mwenyewe? Nifanyeje nisipoteze kitu?

JIBU

Mwalimu, pole na kazi, na nashukuru umeuliza mapema. Wengi wanaoniandikia huwa wameshapiga Windows, wanauliza kama vilivyopotea vinaweza kurudi. Wewe bado una kila kitu mkononi, na hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote ninazokutana nazo katika kazi hii.

Nianze na hayo maneno kwamba mafaili ya D hayaguswi, maana ndipo watu wanapoumia. C, ambako Windows yenyewe hukaa, na D kwenye laptopu yako si diski mbili. Ni diski moja iliyokatwa vipande viwili, kama chumba kimoja kilichowekewa ukuta wa mbao katikati. Moto ukiingia upande mmoja, upande wa pili haubaki. Fundi makini anaweza kweli kufuta C akaiacha D ilivyo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini kuna mambo matatu ambayo pengine hakukueleza.

La kwanza, vitu vyako karibu vyote haviko D. Chochote ulichokiweka juu ya skrini ya mwanzo, kwenye Documents, Downloads au Pictures, kinakaa ndani ya C:\Users, kwenye folda yenye jina lako. Watu huamini wanaweka vitu D kwa sababu waliwahi kuambiwa hivyo, kisha kila siku wanabofya "Save" na faili linakwenda Documents, yaani C. Fungua D sasa hivi uone kuna nini. Nitashangaa ukikuta alama za mwaka huu.

La pili, kuna hali ambayo fundi akiwa katikati ya kazi mashine inamgomea. Inamwandikia kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hiyo kwa sababu imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na mashine inataka mtindo mpya wa GPT. Zipo njia za upole za kulimaliza hilo bila kufuta kitu. Ila njia ya haraka, ile ambayo fundi mwenye foleni ya wateja watano mezani ataikimbilia, ni kufungua dirisha jeusi, kuandika diskpart, kisha amri ya clean. Amri hiyo haiulizi mara mbili na haitambui C wala D. Inafuta mpangilio wa diski nzima kwa sekunde chache. Nimeshapokea laptopu tatu za namna hiyo, wenye nazo wakiwa wameahidiwa maneno yale yale uliyoahidiwa wewe.

La tatu ndilo zito zaidi: diski yenyewe inaweza kuwa inakufa. Laptopu iliyonunuliwa mtumba mwaka 2019, yenye diski ya kuzunguka, inayowaka kwa dakika kumi, mimi siiti ugonjwa wa Windows mpaka niipime. Pakua programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo uifungue. Juu kushoto itaandika neno moja. Ikiwa ni "Good" kwa rangi ya buluu, endelea kwa utulivu. Ikiwa ni "Caution" kwa manjano, angalia mistari miwili, "Reallocated Sectors Count" na "Current Pending Sector Count". Hiyo inahesabu sehemu za diski zilizoharibika na zile zinazoelekea kuharibika. Hapo usipige Windows kabisa juu ya diski hiyo. Toa mafaili leo, ukianza na yasiyo na mbadala. Na ukiisikia diski inagonga tik, tik, tik, zima mashine kwa kubonyeza kitufe mpaka izimike, usiiwashe tena, usikubali mtu aendeshe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, "kuirekebisha". Diski inayogonga hudhoofika kila inapozunguka. Mpelekee mtu atakayeinakili nzima kwenda diski nyingine kwanza, ndipo atafute mafaili ndani ya hiyo nakala.

Windows, Mwalimu, inapatikana tena bure, leo au mwakani. Picha za baba hazipatikani tena popote. Kwa hiyo kazi hii, ambayo watu wanaiita kupiga Windows, kwangu mimi ni kazi ya kutoa mafaili, na Windows ni ile saa moja ya mwishoni.

Basi tutoe mafaili.

Unahitaji diski ya nje, hata ya mtumba ikiwa imepimwa kwa programu ile ile niliyoitaja. Jihadhari na flashi za bei ya kutupa zinazouzwa barabarani zikiwa zimeandikwa TB 1 au TB 2. Nyingi ni flashi ndogo zilizodanganywa ziseme ukubwa usio wao. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika na majina unayaona, ila ukifungua, yaliyozidi uwezo wake halisi hayana kitu ndani. Kuna programu ndogo ya Kijerumani, H2testw, inayoijaza flashi yote kisha kusoma ilichoandika. Ipitishe flashi yoyote mpya hapo kabla hujaikabidhi kitu. Jambo jingine, ikiwa diski ya nje imepangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu ya msiba au harusi itakataliwa. Ipange kwa exFAT au NTFS ikiwa bado tupu.

Kisha nenda C:\Users, bofya kulia folda yenye jina lako, chagua Properties, subiri ihesabu. Utajua ni GB ngapi na mafaili mangapi, uandike pembeni. Kwa tundu la USB la zamani, kunakili GB 100 huchukua saa nzima au zaidi, na mafaili madogo madogo mengi huchukua muda mrefu kuliko video chache kubwa. Chaji betri ijae kabla hujaanza, na kama betri yako haishiki tena, chagua saa ambayo umeme wa kwenu huwa hausumbui.

Kunakili kwa kuburuta kwa kipanya kunatosha kwa mafaili machache. Kwa folda nzima mimi siiamini njia hiyo, kwa sababu faili moja likikwama kazi yote inasimama ikisubiri ujibu, nawe umeshalala. Windows ina chombo chake chenyewe, robocopy. Tuseme diski ya nje imesomeka kama E. Funga programu zote, fungua dirisha jeusi kwa kuandika cmd kwenye menyu ya Start, kisha uandike:

robocopy "C:\Users\jina lako" "E:\Akiba" /E /XJ /R:1 /W:1

Hapo unaiambia ichukue folda zote hata tupu, iruke njia za mkato za ndani ambazo zingeizungusha bila mwisho, na faili likigoma ijaribu mara moja tena baada ya sekunde moja kisha isonge mbele. Usipoiwekea kikomo, yenyewe hujaribu mara 1,000,000, na kila jaribio husubiri sekunde 30. Mwishoni inakupa hesabu: mangapi yamekwenda, mangapi yameshindikana. Soma safu ya "FAILED". Yakiwa machache ya programu zilizokuwa wazi si neno, yakiwa na majina ya mitihani yako rudia. Ukikuta mtu anakushauri uongeze /MIR, usimsikilize kwa kazi hii. Hiyo hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea mwelekeo umefuta ulichotaka kuokoa.

Kwa sababu umechukua folda nzima ya jina lako, umechukua pia folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambayo wanaoburuta kwa kipanya huisahau. Humo ndimo zinamokaa alama za kurasa ulizohifadhi kwenye Chrome na barua pepe za programu ya Thunderbird kama unaitumia. Ila kitu kimoja hakitoki kwa njia hiyo: nywila ulizoiruhusu Chrome ikukumbukie. Zimefungwa kwa ufunguo wa Windows hii hii, hivyo ukizipeleka kwenye Windows mpya hazifunguki. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, upande wa nywila, uzitoe kama faili, au uhakikishe umeingia kwa akaunti yako ya Google na zinalandanishwa. Ukizitoa kama faili, jua kwamba zimo wazi, anayelifungua anazisoma. Ukishaziingiza kwenye mashine mpya, lifute.

Hesabu za kikoba zinanipa wasiwasi kwa sababu hukusema ziko kwenye nini. Zikiwa kwenye Excel, fungua C kisha kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.xlsx, halafu *.xls, uone yote yalipojificha. Utakuta mengine kwenye Downloads kwa sababu mweka hazina alikutumia kwa WhatsApp ukalifungulia huko huko na kuendelea kuandikia humo. Zikiwa kwenye programu ya uhasibu kama QuickBooks au Tally, mara nyingi data haiko kwenye folda yenye jina lako kabisa. Iko C:\Users\Public au kwenye folda ya programu yenyewe. Fungua programu, tafuta pale inapoonyesha njia ya data, na utumie kitufe chake chenyewe cha kutoa nakala ya akiba. Hapo ndipo nimeona wahasibu wazoefu wakilia.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo ina mtego. Ukiona alama ya wingu dogo pembeni ya faili, faili hilo halipo kwenye laptopu, lililopo ni jina tu. Bila intaneti halinakiliki. Bofya kulia folda ya OneDrive, chagua "Always keep on this device", uache bando lifanye kazi mpaka mawingu yawe alama za tiki za kijani. Na usichukulie OneDrive au Google Drive kuwa ndiyo akiba yenyewe. Vinalandanisha, maana yake ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Kuna pipa la taka la muda, lakini ni la muda. Nafasi ya bure ni GB 5 kwa OneDrive na GB 15 kwa Google, nayo hiyo ya Google unaigawana na barua pepe zako.

Kwa kuwa uko shuleni, ambako flashi moja hupita kompyuta kumi kwa siku, huenda ukakuta kwenye diski ya nje mafaili yamegeuka kuwa vijinjia vya mkato visivyofunguka. Usiifute diski. Hicho ni kirusi ambacho hakifuti mafaili, kinayaficha. Andika kwenye dirisha jeusi attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya diski yako, na yatajitokeza. Ukirudisha vitu kwenye Windows mpya, rudisha nyaraka, picha, video na majedwali. Chochote kinachoishia kwa .exe kiache kule, programu utazipakua upya kutoka kwa wenyewe.

Sasa hatua ambayo nakuomba usiiruke hata kama umechoka. Chomoa diski ya nje, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, ya ofisi ya taaluma au ya mwalimu mwenzako, na ufungue. Usitosheke kuona majina. Fungua mtihani wa mwaka 2020, fungua jedwali la alama uone namba zimo, fungua picha tano za baba kutoka folda tofauti. Linganisha ukubwa wa folda na idadi ya mafaili na ile uliyoiandika mwanzo. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake yenyewe ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilipatwa na mkasa wa mhandisi kufuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala zao za akiba, walikuta zile za kila siku zilikuwa zinashindikana muda mrefu bila mtu kujua, kwa sababu hata barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya hizo saa sita ikapotea. Watu wale walikuwa na mitambo na wataalamu. Walichokosa ni mtu wa kufungua akiba na kutazama.

Nakala moja kwenye diski ya nje bado haitoshi ukishafuta laptopu, maana siku hiyo utabaki na nakala moja tu duniani. Mafundi tuna kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwako iwe hivi: diski ya nje, flashi nyingine ya vile vitu ambavyo ukivipoteza huwezi kuvipata tena, na picha za baba uzipandishe Google au umtumie ndugu anayekaa mji mwingine, zikiwa mafaili kamili. Usimtumie kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zitabanwa na kupoteza ubora. Zitume kama nyaraka.

Nina sababu ya kulisema hili kwa mkazo. Miaka ya nyuma, nikiwa tayari nimezoea kazi, mama mmoja alinikabidhi laptopu pamoja na diski ya nje yenye nakala ya kila kitu chake. Diski zote mbili zilikuwa za GB 500. Nilianza kuweka Windows huku diski ya nje imechomekwa pembeni. Kwenye orodha zikatokea Disk 0 na Disk 1, zinafanana, nami nikafuta vipande vya laptopu kisha, nikidhani bado niko kwenye diski ile ile, nikafuta na vya ile ya nje, nikaweka Windows juu yake. Nilikaa siku nne na PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Zilirudi picha elfu kadhaa, zote zimepoteza majina na tarehe, zikiitwa f0 na tarakimu nyingi, na mama yule ilibidi azipange moja moja kwa kukumbuka. Nyingine hazikurudi. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza kuweka Windows kabla sijachomoa kila kitu isipokuwa flashi ya Windows, na hata fundi wako mwombe afanye hivyo mbele ya macho yako.

Kutokana na mkasa huo ndipo nilipopata ushauri ninaowapa wote wenye laptopu kama yako: usifute diski ya zamani kabisa. Nunua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inatosha ikiwa hesabu yako ya mafaili ilikuwa chini ya GB 150, vinginevyo chukua ya GB 480 au 512. Itolewe ile ya kuzunguka, iwekwe SSD, na Windows ipigwe juu ya SSD tupu. Diski ya zamani inabaki na kila kitu kama kilivyokuwa siku ya mwisho, hata vile ulivyosahau kunakili, nayo inatiwa kwenye kasha lake dogo lenye waya wa USB. Ukigundua baada ya miezi miwili kwamba kuna barua ya uhamisho hukuichukua, unachomeka na kuichukua. Tena, ule uzito unaolalamikia kwa sehemu kubwa ni diski hiyo. Windows 10 juu ya diski ya kuzunguka itakuwa nzito tena baada ya wiki chache hata ikipigwa upya. Juu ya SSD laptopu hiyo hiyo huwaka chini ya dakika moja. Ukibakiwa na fedha, ongeza RAM ifike GB 8. Badala ya kulipa 20,000 leo na 20,000 nyingine mwezi wa sita, weka fedha kwenye SSD.

Ama kuhusu Windows ipi. Windows 10 kweli ilifika mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, inafanya kazi, ila haipokei tena viraka vya usalama usipojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ambao Microsoft wameuweka mpaka 13 Oktoba 2026. Uandikishaji uko ndani ya Windows Update, na ni bure ukikubali kulandanisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Fungua Settings, System, About, usome jina la prosesa. Ikiwa ni kama i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ni kizazi cha sita, haifiki. Ikiwa i5-8250U, inafika. Kuna ujanja wa kuilazimisha, lakini kwa mashine ya kazi siupendekezi, kwa sababu Microsoft hawaahidi masasisho kwenye mashine zisizofikia vigezo. Ikiwa haifiki, jiandikishe kwenye mpango huo wa nyongeza, na ule muda utumie kujaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Jedwali la alama na mitihani vinafunguka kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Office, ingawa hesabu zenye makro, yaani amri za kujiendesha, zinaweza kusumbua.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, andika kwenye karatasi mambo mawili. Nenda Settings, sehemu ya Activation, uone kama imeandikwa "digital license", na kama ni Home au Pro. Leseni ya namna hiyo imeshikamana na ubao wa laptopu, si diski, kwa hiyo ukiweka toleo lile lile itajiamsha yenyewe ukiunganisha intaneti. Mtu asikuuzie ufunguo, na asikuwekee kiamshi cha kuiba, yaani programu ya kuiamsha Windows bila leseni. Vile viamshi mara nyingi ndivyo vinavyoingiza virusi. Pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, utaona alama ya kufuli kwenye C. Ikiwa imefungwa, ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 utaupata kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika. Uandike, au izime BitLocker kabisa kabla ya kuitoa diski. Bila ufunguo huo, diski ya zamani ndani ya kasha lake haitasomeka, na hakuna fundi duniani atakayeifungua.

Kuweka Windows kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kompyuta nyingine, pakua Media Creation Tool kutoka Microsoft, chomeka flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokitaka maana itafutwa, uiache itengeneze. Chomeka flashi hiyo kwenye laptopu, iwashe huku ukigonga Esc halafu F9, uchague flashi. Ikiuliza ufunguo wa leseni, bofya "I don't have a product key". Chagua toleo uliloliandika, kisha "Custom". Kwenye orodha ya diski utaona moja tu, tupu, "Unallocated Space". Bofya Next. Ikijizima na kuwaka, usiguse kitufe chochote, vinginevyo itaanza upya kutoka kwenye flashi. Ikimaliza na Wi-Fi haionekani, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows Update itatafuta yenyewe draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia Wi-Fi. Masasisho ya kwanza hula GB kadhaa, kwa hiyo fanya siku yenye bando la kutosha au mtandao wa shule.

Je, umpe fundi? Mpe, ikiwa unaona ugumu wa kufungua laptopu. Kubadili diski ni kazi ya bisibisi na mkono uliozoea, na modeli nyingine zinataka kufungua kifuniko chote cha chini chenye ndoano zinazovunjika. Lakini nenda na mafaili yako yakiwa yameshatoka na kukaguliwa, na diski ya zamani uondoke nayo mfukoni siku hiyo hiyo. Hili la pili si suala la kumshuku mtu. Diski hiyo ina mitihani ambayo pengine haijafanywa, na alama za watoto wa watu, ambazo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni taarifa zinazostahili kulindwa na anayezishika. Kaa naye pale anapofanya kazi. Fundi mzuri hachukii kuangaliwa.

Diski ya zamani ukifika nayo nyumbani, ibandikie karatasi yenye tarehe na maneno "usifute", uiweke mbali na laptopu, pengine kwa dada au kwa jirani unayemwamini. Ichomeke kila baada ya miezi michache ufungue picha chache. Na ukikwama mahali, hasa kwenye Wi-Fi au kwenye kuchagua SSD, nitumie modeli kamili iliyoandikwa chini ya laptopu na jina la prosesa. Kwa hayo mawili nitaweza kukuambia skrubu ziko wapi.